Kiti cha Tusajigwe

Kilicho chini ya kitanda hakichukuliwi na mtu aliyesimama wima. Tusajigwe alilijua hilo tangu utotoni, lakini shahada mbili zilikuwa zimemsahaulisha.

Alitoka Tukuyu, Tanzania, kusomea uzamifu katika chuo kikuu kimoja mjini Nyeri. Utafiti wake ulihusu jambo ambalo wanawake hulificha kama jipu la kwapani: mkojo unaovuja baada ya kuzaa. Alikwenda kwenye kiwanda cha kahawa huko Gakindu, ambako akina mama hupeleka mavuno yao, akaweka meza, viti viwili vya plastiki na kinasa sauti. Kila aliyeketi alijibu vilevile.

"Hali yako ikoje tangu ujifungue, mama?"

"Tuko sawa, daktari. Mungu ni mwema."

Msimamizi wake, Profesa Gatobu, hakumung'unya maneno. "Wanawake wote wakiwa sawa, hakuna utafiti. Usipopata lolote kufikia Ijumaa, badilisha mada."

Kubadilisha mada ni kuanza upya, na mapacha wake kule Tukuyu walikuwa wakimsubiri kwa hamu.

Alhamisi, viti vilikaa vitupu. Wanawake walikuwa wameinama juu ya magunia, wakitenga kahawa mbivu na mbichi kabla ya kupima. Rundo la Wachuka, mama wa watoto sita, lilikuwa kama kichuguu. Tusajigwe alilitazama, akajifunga leso kiunoni, akaenda kuinama kando yake.

"Haki, ona daktari!" akasema Murugi, jirani ya Wachuka. "Anaweka mbichi kwa nyekundu! Kwani kwenu hakuna kahawa?"

"Ipo tele. Ila kwetu tunachagua kwa macho, siyo kwa mdomo."

"Wee! Na hiyo Kiswahili yake imepigwa pasi!"

Wakaangua kicheko. Tusajigwe naye alicheka, kisha ghafla akabana magoti.

"Ni nini, daktari?" Wachuka akauliza.

Angeweza kusema yuko sawa. Badala yake alisema, "Ni mapacha wangu. Tangu niwazae, nikicheka sana, nalowa."

Mikono yote ikasimama.

"Hata wewe?" Murugi akashangaa. "Na vile umesoma?"

"Mkojo hauulizi shahada, dada."

Wachuka akapiga paja. "Mimi nikipiga chafya kanisani, wimbo ya mwisho naimba nikiwa nimekaa! Sasa mbona hukusema? Umekaa huko juu kama karani wa mizani, ukituuliza mambo ya chini!"

Basi maneno yakamwagika. Tusajigwe aliomba ruhusa, akaweka kinasa sauti katikati ya magunia. Hakuna aliyekataa.

"Na hiyo kitu iko na dawa?" Murugi akauliza.

"Kuna mazoezi, na yakishindwa, kuna hospitali. Mkimaliza kuchagua nitawaonyesha."

Hawakuwa wamewahi kumaliza haraka hivyo.

Ijumaa, Profesa Gatobu alisikiliza sauti zile hadi mwisho. "Umefanyaje?" akauliza.

Tusajigwe alitazama vidole vyake vilivyokuwa bado vyeusi kwa utomvu wa kahawa. "Niliacha kiti, Profesa."

Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.