Nani Atunzwe Kanga ya Bi. Mwatima?

Mniwie radhi, jamaa zangu, hadithi hii nitaiharibu. Anayeijua vizuri kashikwa na mafua. Mimi nina mdomo tu. Haya, kaeni mkao wa kula!

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana spika zilikwishakuwapo, Bi. Mwatima wa Tanga alikuwa na nyumba ya wageni na piano moja. Alipoifunga nyumba, akatangaza: "Njooni mnitumbuize. Atakayeniinua kitini nikamtunze kanga, piano ni yake, aibebe!"

Ndeshi aliposikia, moyo ulimruka. Alikuwa mpiga piano asiye na piano. Mazoezi alifanyia mezani, majirani wakidhani anaua siafu. Peke yake aliogopa, akaita wenzake. Mkude acheze. Tausi apige video, papo hapo ionekane ukutani. Kizito ainase sauti ya piano kwenye kompyuta, aichezee, airudishe spikani na ngoma na mwangwi.

Siku ikafika. Ndeshi akapiga, watu wakatulia. Akapiga, Mkude akazunguka. Akapiga, kibonye cha katikati kikafa! Kidole kinashuka, sauti haitoki. Na ukutani kidole chenyewe kinaonekana kikubwa kama mgomba.

"Gonga tena, dada, wenyewe wamelala!" mtu akapiga kelele nyuma.

Ndeshi alitamani ardhi ipasuke. Lakini kule mezani hakuna kibonye kilichowahi kumwitikia, akaendelea kupiga.

Kizito alikuwa ameinasa sauti ya kibonye kile asubuhi, walipoijaribu piano ya bibi. Akaiachia spikani. Ikatoka, ila imechelewa: kidole kimeshaondoka, ndiyo kwanza inaitika. Mkude akalisikia pengo, akachechemea nalo: mguu mmoja kwenye kidole, mguu wa pili kwenye sauti. Tausi akaweka kidole na mguu bega kwa bega ukutani. Weee! Vigelegele! Ukumbi mzima ukadhani huo ndio mtindo mpya.

Bi. Mwatima akainuka, kanga mkononi, kiuno kikimtangulia. Akafika jukwaani, akakwama. Maisha yake yote alimtunza mwimbaji, na hapa hakuna aliyeimba.

"Sasa nimtunze nani, wanangu?"

"Mimi, bibi," Mkude akasema, anahema. "Nisingechechemea, kosa lingebaki kosa."

"Ulichechemea sauti ya nani?" Kizito akamkata. "Kibonye kilikufa, mimi nikakifufua."

"Ukakifufua watu wameshazika!" Tausi akacheka. "Bibi, uliinuka ulipotazama ukuta. Ukuta ule kazi yangu."

"Ukuta huo ndio ulioniumbua!" Ndeshi akasema. "Bibi, wamenisaidia, sikatai. Lakini mimi ndiye niliyewaita, na kidole kilichoaibika ni changu. Wakiikosa piano, Mkude ana miguu, Tausi ana kamera, Kizito ana kompyuta. Mimi narudi mezani."

"Mezani si umeshazoea?" Mkude akanong'ona. "Mimi wakwe zangu nimeshawaambia inakuja!"

Bi. Mwatima kaiinua kanga. Ndeshi kafumba macho.

Je, nani alistahili? Jibuni upesi, mkono wa bibi unauma. Na mkishikana mashati, msimlaumu yeye. Nilaumuni mimi: wasanii niliwaleta wanne, piano nikaileta moja, tena mbovu.