Bega la Shekuwe na Jiko la Bi Mwanakheri

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Tungamaa, ambao watu wake walijisifia jambo moja: hakuna maiti wao aliyewahi kuinamishwa njiani. Nyumba zilibanana, vichochoro vilikuwa vyembamba, lakini jeneza lilitoka mlango wowote likafika makaburini limelala sawasawa. Na hilo, ndugu zangu, halikuja lenyewe. Ilikuwa kazi ya baraza la mji, na kazi hiyo ilikuwa ngumu.

Baraza lile lilikuwa la watu watano. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, walitoa jeneza tupu msikitini, wakalipaka mbavu zake chokaa mbichi, kisha wakalipitisha kila kichochoro. Wachukuzi walisimama ndani ya mipini, kwa kuwa kinachopimwa ni jeneza, si watu. Ukuta uliobaki na alama nyeupe ulihesabiwa kuwa umeingia njiani, na mwenyewe alitakiwa auvunje. Aliyeshika mpini wa mbele wa kulia ndiye aliyetamka hukumu, nayo ilikuwa neno moja tu: "Limegusa!" Likishatamkwa, mpiga mbiu alilitangaza mji mzima, na hapakuwa na wa kulipinga.

Mpini huo ulikuwa mkononi mwa Bwana Shekuwe bin Lali, mcha Mungu na mkweli, kwa miaka ishirini na miwili. Alipoanza alikuwa kijana aliyekonda. Lakini mapishi ya mkewe yalikuwa yamemjaza mabega na tumbo, na yeye, kama ilivyo kwetu sote, alikuwa wa mwisho kulijua hilo.

Mwaka huo jeneza lilipofika kwa Bi Mwanakheri, mjane aliyeishi kwa kuoka mikate ya mofa, Shekuwe alihisi mkwaruzo upande wake wa kulia. Hakugeuka kutazama. "Limegusa!" akatamka.

Bi Mwanakheri alitoka mlangoni. Ukuta ule ulikuwa wa jiko lake, na tanuri lilijengwa humo humo. Ukivunjwa ukuta, riziki yake inakwenda nao.

"Kama limegusa, limegusa, mwanangu," alisema. "Nami siku moja nitapitishwa hapo hapo."

Kesho yake ukuta ukavunjwa. Si kila mtu alitii hivyo. Mwenye Kombo, tajiri aliyeambiwa aondoe kibaraza chake cha mawe, aliapa kuwa hataondoa hata kokoto.

Siku ya tatu, mke wa Shekuwe alikuwa akifua. "Bwana," aliita kutoka uani, "bega hili la kanzu umelipitisha chini ya chungu? Masizi haya hayatoki!"

Shekuwe akacheka, kisha akakumbuka. Ukuta wa Bi Mwanakheri ulikuwa mweusi nje kwa moshi wa miaka mingi. Akatoka mbio hadi kwenye kifusi, akapiga magoti, akageuza jiwe moja baada ya jingine. Yote yalikuwa meusi. Hakukuwa na chokaa hata kwenye moja. Jeneza lilikuwa limepita salama. Aliyegusa ni yeye. Aliona haya ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake, akabaki pale na mawe yake mpaka adhana ya alasiri.

Alimwendea mkuu wa baraza, Mwinyi Hatibu, akamweleza yote.

"Mjengee," alisema yule mzee. "Mjengee jiko zuri kuliko la kwanza, useme ni sadaka. Mjane atafurahi, nawe utapata thawabu. Lakini ukisema tumekosea, kesho Mwenye Kombo atasimama, na wengine nyuma yake. Neno la baraza likivunjika mara moja, nani atalitii tena? Kisha maiti wetu watapita vipi?"

Ushauri huo ulikuwa mtamu, na Shekuwe alitamani kuukubali. Alijua kazi ya miaka yote ile inaweza kubomoka kwa kauli yake moja.

"Mwinyi," akasema, "sadaka hutolewa katika mali yangu, na jiko lile ni haki yake. Nikimrudishia haki yake kwa jina la sadaka, nitakuwa nimemdhulumu mara mbili. Nimemnyang'anya, kisha nataka anishukuru."

Mwinyi Hatibu akainamisha kichwa. "Basi sema," alijibu kwa sauti ndogo.

Ijumaa, baada ya sala, Shekuwe alisimama mbele ya watu. "Enyi watu wa Tungamaa, kwa Bi Mwanakheri jeneza halikugusa. Lililogusa ni bega langu. Nilipaswa kutazama, sikutazama. Namwomba radhi mbele yenu, na mpini wa jeneza naurudisha kwa baraza." Akamwomba mpiga mbiu atangaze hivyo hivyo katika kila kichochoro, asipunguze neno. Kisha akaenda kukanda udongo na kuujenga ukuta kwa mikono yake.

Bi Mwanakheri alikuwa akimtazama. "Mpini asinyang'anywe," aliwaambia wajumbe wa baraza waliokuja kutazama. "Ila apunguze kula."

Wakati wangali wanacheka, akatokea Mwenye Kombo na watu watatu, nyundo mabegani. Mwinyi Hatibu akasema moyoni, yale niliyoyahofia yamefika.

"Nilikataa kuvunja," alisema Mwenye Kombo, "kwa kuwa sikujua kama ninyi mnapima kwa haki au kwa ubabe. Leo nimejua. Nakwenda kuvunja kibaraza changu, na mawe yake nitamletea Bi Mwanakheri leo hii."

Hapo Mwinyi Hatibu alilia, na hakuona aibu kulia. Alikuwa amelitumikia baraza lile tangu ujana wake, na hakuwahi kuliona kubwa kama siku hiyo.

Ndugu zangu, sisi nasi tumekabidhiwa njia za watu, visima vyao na masoko yao. Tumwombe Mola atujaalie watumishi wanaoweza kusimama Ijumaa na kusema: aliyekosea ni mimi. Mji wenye mtu kama huyo una haki ya kutembea kifua mbele.