Mkia wa Mkeka wa Nakijwa

Kabla bibi zenu hawajaota meno, mvua ilipousahau mlima wetu wa Mlalangwe miaka mitatu, aliishi Nakijwa binti Mbwambo, mjukuu wa wafua chuma, Nakijwa Asiyekaa, ambaye kigoda chake kilizeeka bila kukaliwa.

Mashamba yalikauka, na wanawake wakafunga mizigo washuke kwenye mashamba ya mkonge, kila mmoja kwa mwajiri wake, watoto wagawanywe kwa ndugu. Nakijwa hakufunga kitu. Alipanda, akashuka, akazunguka, roho juu, vidole vikitafuta kazi, maana aliona kijiji kinatawanyika na hana cha kukizuia.

Bondeni kilinguruma kiwanda cha nguo, na nyuma yake lilisimama jalala la vipande vya vitambaa, refu kuliko nyumba, likichomwa moto kila Ijumaa. Nakijwa akamwendea msimamizi, akayaomba yale mabaki. Yule bwana alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, chukua utakachoshika kwa mkono mmoja, mara moja tu. Keshokutwa nachoma."

Nyinyi mngebeba konzi moja mkarudi mkinung'unika. Nakijwa aliinama akafunga kipande kwa kipande, chekundu kwa cha buluu, siku mbili bila kukaa, vidole vikivuja damu. Na Ijumaa, msimamizi alipofika na kiberiti, akashika ncha kwa mkono mmoja, akaanza kupanda mlima. Jalala zima likamfuata, likijikunjua.

"Nimeshika kimoja tu, bwana," alisema, wala hakugeuka.

Juu huko wanawake walikwisha kujitwika. Wakaona njia nzima imejaa rangi.

"Tueni!" Nakijwa alinguruma. "Shikeni hii kamba, msuke!"

"Tusuke nini, dada?" aliuliza Nambike, shoga yake.

"Mikeka, makapu, chochote. Ila haondoki mtu!"

Wakatua. Ile mikeka ilileta mahindi, ikaleta chumvi, na hakuna mtoto aliyepelekwa kwa ndugu. Kila mtu alitulia isipokuwa Nakijwa mwenyewe, aliyekwenda huku na huku akipima kamba iliyobaki.

Miaka ikapita, kiwanda kikafungwa, kamba ikakaribia kwisha. Nakijwa, sasa mwenye mvi, akajifunga ncha kiunoni.

"Yako majalala mengine huko mbele. Nambike, shika upande huu, usiuachie."

Nambike alishika. Kamba ilikwenda siku nzima ikipita viganjani mwake, kisha ikalegea. Aliivuta huku analia, akijua atakuta ncha tupu. Hakukuta ncha. Palikuwa na fundo bichi, na kitambaa cha rangi ambayo mlima huu haukuwahi kuiona, na nyuma yake kingine, na kingine. Nakijwa hakurudi, lakini kamba haijakwisha mpaka leo.

Ndiyo maana sisi wa Mlalangwe hatukati mkia wa mkeka. Tunauacha unaning'inia, urefu wa mkono, kwa sababu yeye bado anafunga.