Karai la Viazi Vibovu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana simu za mkononi zilikuwepo na mtandao ulikatika vilevile kama leo, palikuwa na mwalimu mmoja katika mkoa wa milimani, kule ambako mvua haiombwi, inajileta yenyewe. Mwalimu huyo aliitwa Atuganile. Alifundisha fizikia, na mwaka huo aliangushiwa kazi ambayo wenzake wote waliikwepa kwa visingizio vizuri: kuandaa maonyesho ya sayansi ya wanafunzi wa mkoa mzima.

Kazi alipewa, watu hakupewa. Akawatafuta mwenyewe, wa kujitolea. Kina mama wa kwaya walikubali kupika chai na kufagia ukumbi, wakiongozwa na Mama Subilaga, ambaye hakuna harusi ya mji ule iliyowahi kufana bila yeye. Vijana wa bodaboda walikubali kusomba meza. Na kila shule ikatafutiwa mlezi, mtu mwenye fani yake, wa kuwaelekeza wanafunzi bila kuwafanyia kazi: huku fundi redio, kule muuguzi, kwingine bwana shamba.

Zawadi ilijulikana tangu mwanzo. Kazi itakayoshinda ingekwenda Dodoma kwenye maonyesho ya taifa, nayo ingepelekwa na mwanafunzi mmoja. Si wawili, mmoja. Msichana aliyekwenda mwaka uliotangulia walimu wa shule kubwa ya sayansi walimwona hukohuko, wakamchukua, na sasa anasoma kwao. Kwa hiyo kila mtoto aliyeingia ukumbini alijua anatafuta nini.

Sasa tegeni masikio, maana wako watatu.

Wa kwanza ni Tusekile wa shule ya Isumba. Huyu alikuwa mtoto wa maswali. Bibi yake alihifadhi mbegu za viazi juu ya kichanja jikoni, karibu na dirisha, na kila msimu mbegu zake zilichipua vizuri kuliko za majirani waliozifungia kwenye magunia. Ukimuuliza bibi, anasema ni moshi. Ukiwauliza majirani, wanasema ni moshi. Tusekile akauliza, "Na kama si moshi, bibi? Kama ni mwanga wa dirisha?" Bibi akamwambia maswali hayapikwi yakaliwa. Tusekile akalibeba swali lake hadi kwa mlezi wao, bwana shamba Ambakisye, naye akasema, "Basi tujaribu."

Tusekile akapanga kila kitu. Viazi vingine kwenye kichanja cha jikoni, penye moshi na mwanga. Vingine kwenye kichanja cha nje chini ya paa, penye mwanga bila moshi. Vingine ndani ya gunia, gizani. "Na hivyo vya gunia," bwana shamba akasema, "hata vikioza msivitupe. Vizima peke yake havithibitishi kitu." Alipomaliza kupanga, mama yake akalazwa hospitali ya mbali, na Tusekile akaenda kumuuguza. Msimu karibu wote hakuonekana shuleni, akarudi maonyesho yakikaribia.

Wa pili ni Lwitiko, wa shule hiyohiyo, mwenzake katika kazi hiyohiyo. Huyu si mtoto wa maswali. Ukimpa kazi anaifanya, na ukisahau kumwambia aache, anaendelea. Tusekile alipoondoka, Lwitiko akabaki na viazi. Asubuhi anavigeuza. Asubuhi anavipima. Asubuhi anafukuza panya. Likizo ikaja, wenzake wakaenda makwao, yeye asubuhi yuko kwenye viazi. Ikaja baridi ya Juni, ile ya kuuma masikio, yeye asubuhi yuko kwenye viazi. Wakamtania, wakamwita Bwana Viazi. Alicheka nao, kisha akaenda kuvigeuza.

Na viazi vikajibu. Vya jikoni vilitoa machipukizi mafupi, manene, ya kijani. Vya nje vikatoa yaleyale, bila moshi hata kidogo. Vya gunia vikatoa machipukizi marefu, meupe, vikalegea, vikaanza kuoza. Kwa heshima zote, bibi alikuwa amekosea.

Wa tatu ni Ipyana wa shule ya Mbakwe, mpinzani wao. Huyu alitengeneza kengele ya mto: boya, waya na spika ya redio iliyokufa, ili maji yakipanda kengele ilie na watu wa bondeni wahame mapema. Mlezi wake, fundi redio Gwamaka, alikuwa ameshawatangazia watu wote sokoni kwamba Dodoma wanakwenda wao. Hakuwa akijisifu bure. Walimu waliopita mashuleni mapema kukagua walisema mshindi atatoka kwenye kazi mbili tu, ya viazi au ya kengele.

Basi siku ya maonyesho ikafika. Asubuhi Mwalimu Atuganile akawaambia kina mama, "Mgeni rasmi asione uchafu juu ya meza yoyote." Alisema hivyo tu, akakimbilia mambo mengine, maana mwandaaji siku kama ile ana miguu miwili na anaitwa na watu ishirini. Hakuwaeleza kwamba katika sayansi uchafu mwingine ni ushahidi.

Mara simu ikapigwa: mgeni rasmi yuko njia panda, amewahi. Mnajua tulivyo sisi kwa mgeni rasmi. Waliokaa wakasimama, waliosimama wakakimbia. Wanafunzi wakapangwa getini wamwimbie, Tusekile na Lwitiko wakiwamo. Ukumbini wakabaki kina mama na mifagio yao, na Ipyana aliyekuwa akihangaika na waya uliolegea.

Mama Subilaga akafika kwenye meza ya viazi. Kitambaa cheupe, maua, viazi vizima pembeni, na katikati karai la vile vya gunia, vinavyonuka na kuchuruzika. Akashika kiuno. "Watoto hawa wana akili kweli? Mgeni anywe chai na harufu hii?" Akabeba karai, akavimwaga viazi kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, akaliosha karai hadi likang'aa. Kisha, kwa kuwa yeye si mtu wa kuacha meza ya mwenzake tupu, akalijaza viazi vya chakula cha mchana, vikubwa, vilivyooshwa vizuri. Alitenda kwa moyo safi kabisa. Mlaumu, kama unaweza.

Ipyana aliona yote, maana meza yake ilitazamana na ile. Kwanza alitaka kucheka. Halafu akaelewa. Viazi vizima huku, viazi vizima kule: majaji wangeona chakula, wasingeona jaribio. Naye hakuwa amegusa kitu wala kumtuma mtu. Ili aende Dodoma alihitaji tu kukaza waya wake na kunyamaza.

Akautazama waya. Akaweka bisibisi chini, akaenda shimoni.

Huko kina mama walikuwa wameshamwaga majivu na majani ya chai. Ipyana akaingia na sare yake, akaokota viazi kimoja kimoja, akivitambua kwa yale machipukizi meupe. Mama Subilaga alipokuja kumwaga maganda, akamkuta.

"We mwanangu, unatafuta nini humo?"

"Viazi, mama. Vile vibovu. Ndiyo kazi yao ya maonyesho."

"Kazi gani, ya kuoza?"

"Hiyohiyo, mama. Vilitakiwa vioze."

Mama Subilaga akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akashuka shimoni naye, na kitenge chake cha siku ya mgeni.

Viazi vilirudi kwenye karai majaji wakiwa meza ya jirani. Tusekile na Lwitiko walirudi mbio kutoka getini, wakashangaa tu kwamba karai limekuwa safi kuliko walivyoliacha. Majaji wakauliza kwa nini mwanga unafupisha machipukizi. Lwitiko akamtazama Tusekile, na Tusekile akaeleza hadi majaji wakaacha kuandika wakamsikiliza. Wakauliza baridi ya Juni ilifanya nini. Tusekile akamtazama Lwitiko, na Lwitiko akaeleza asubuhi moja baada ya nyingine. Wakauliza ushahidi uko wapi. Wote wawili wakaonyesha karai.

Kwa Ipyana majaji walimkuta anahema, mikono imejaa majivu, ananuka. Katika haraka ile waya alikuwa ameusahau, haukuwa umekazwa. Akamimina maji, boya likapanda, kengele ikanyamaza. Akakaza waya, akamimina tena, na kengele ikalia vizuri sana, majaji wakiwa wameshageuza migongo. Viazi vikawa vya kwanza. Kengele ikawa ya pili, kwa alama chache mno.

Mkuu wa majaji akamwendea Mwalimu Atuganile. "Sisi tumechagua kazi," akasema. "Mtu wa kwenda nayo mchague ninyi waandaaji. Na fanyeni haraka, mgeni rasmi anataka kutangaza jina kabla mvua haijamfunga huku mlimani."

Mwalimu akawaita Tusekile na Lwitiko kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa, pamoja na mlezi wao bwana shamba. Hata hawajaketi, mlango ukafunguliwa. Akaingia Mama Subilaga, amemshika Ipyana mkono, na fundi Gwamaka nyuma yao. Mama akasimulia kila kitu, tangu ufagio hadi shimo.

Tusekile akasema kwanza, kwa kuwa ndivyo alivyo. "Namshukuru Ipyana, tena sana. Lakini mwalimu, swali ni langu. Watu wamekula viazi vya bibi miaka yote wakisema moshi, moshi. Nisingeuliza, Lwitiko angegeuza nini? Na Ipyana angeokota nini? Sikuondoka kwenda kucheza, nilikwenda kumuuguza mama. Huko Dodoma wataulizia sababu, na sababu ninayo mimi."

Lwitiko akakohoa. "Swali ni lake, sikatai. Lakini kazi ni yangu. Swali lilikuwa kichwani mwake, viazi vilikuwa mikononi mwangu. Alipoondoka ningeweza kuacha, na hakuna ambaye angenilaumu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo."

Tusekile akainamisha kichwa. Lwitiko akaona amemuumiza, akaongeza kwa sauti ndogo, "Sisemi kwamba mama yako hakupaswa kuuguzwa."

"Na kosa ni langu," Mama Subilaga akasema. "Nilivitupa mimi. Huyu angenyamaza, saa hizi viazi vyenu visingekuwa na neno la kusema, kengele ingekuwa ya kwanza, na mtu wa Dodoma angekuwa yeye bila ubishi. Kengele yake ilichelewa kulia kwa sababu alikuwa shimoni akiokota ushindi wa wenzake. Sasa mnagawana alichookota yeye, na yeye mmemwacha mlangoni."

Bwana shamba Ambakisye akatikisa kichwa. "Mama, alichofanya ni uungwana, na uungwana haukuwekwa kwenye mashindano. Majaji walipima viazi na kengele. Tenda wema nenda zako."

"Nenda zako ni rahisi kusema," fundi Gwamaka akajibu, "kama aliyeachwa si mtoto wako. Mimi nilimgombeza kijana huyu hapo nje, nikamwita mjinga, na sasa naona aibu. Apelekwe na kengele yake. Hesabuni alama kana kwamba karai halikurudi."

"Lakini lilirudi," akasema bwana shamba.

Mwalimu Atuganile akamgeukia Ipyana. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Sikuokota ili nipewe, mwalimu," Ipyana akasema. "Nilidhani nitavishinda hata vikiwa kamili. Nilitaka nivishinde vikiwa kamili." Akafuta pua kwa mkono wenye majivu. "Ila ukiniuliza kama nataka kwenda, nataka. Nataka sana."

Mwalimu aliumia. Aliumia kwa ajili ya wote watatu, na aliumia zaidi kwa sababu Mama Subilaga alivitupa viazi vile kwa kutii neno lake yeye. Akatoka nje, akapiga simu Dodoma kuomba nafasi ya pili. Wakamjibu kwa adabu kwamba kila mkoa umeomba hivyohivyo. Akafikiria kuwaokotesha vikaratasi vya kura, akaona haya. Mtoto aliyefanya kazi hachaguliwi kama namba ya bahati nasibu.

Jukwaani mgeni rasmi alikuwa ameshasimama. "Mwalimu, tupe jina," akasema, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwalimu Atuganile akapanda, akashika kipaza sauti. Pale chini aliwaona wamesimama pamoja, bega kwa bega, Tusekile, Lwitiko na Ipyana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama mwenzake. Akavuta pumzi.

Mimi nimefika hapo, na kipaza sauti hicho sikigusi, nawakabidhi ninyi. Msiniambie waende wote, nafasi ni moja. Msiniambie wote ni washindi, maana maneno hayo hayajawahi kumfikisha mtu Dodoma. Yupo aliyeuliza, yupo aliyetunza, yupo aliyeokota. Mgeni rasmi anangoja, mawingu yameshatanda, na watoto watatu wanatazama midomo yenu. Je, nani alistahili?