Ngedere Aliyeloweka Maharage Mashavuni

Paukwa.

Pakawa.

Wa huko nyuma sijawasikia. Paukwa.

Pakawa.

Haya, sasa tumekaa sawa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, palikuwa na Ngedere mmoja asiyejua kungoja. Huyu Ngedere alimpenda Sikudhani, binti wa Mzee Kima. Alimpenda sana, mpaka akamwomba jirani yake, Shangazi Kobe, aende naye kuposa.

Shangazi Kobe akakubali. Akasema kesho watakula kwanza washibe, ndipo waende, asije Ngedere akakodolea macho chungu cha wakwe. Akachota maharage guniani, akayachagua, akatoa mawe, akayaosha, akayatia maji kwenye beseni, akalifunika kwa ungo.

Ngedere akauliza kama yameiva. Akaambiwa yanalowa.

Akazunguka nyumba, akarudi, akauliza tena. Akaambiwa yanalowa.

Akazunguka nyumba mbiombio, akarudi, akauliza mara ya tatu. Shangazi Kobe akamtazama, akasema, "Mwanangu, harage kavu halina haraka na mtu. Kesho." Kisha akaenda kuokota kuni, na mnajua mwendo wake.

Ngedere akabaki peke yake na njaa yake. Yale ya kwenye beseni aliogopa kuyagusa, Shangazi asije akajua. Akafungua gunia, akachukua moja kavu, akalitafuna. Kakacha! Jino likamuuma mpaka sikioni.

Hapo akapata akili, au alidhani ni akili. Mashavu ya ngedere ni mifuko, si mnajua? Akajaza maharage makavu shavu la kulia, akajaza la kushoto, akanywa maji, akafumba mdomo. Akajiambia kwamba kila mtu ana beseni lake. Akalala kwa furaha.

Asubuhi akaamka na kichwa kipana kama boga. Maharage yalikuwa yamevimba, yamebanana, hayaendi mbele wala nyuma. Akajaribu kuyatema, yakakataa. Akajaribu kuyasukuma kwa kidole, kidole nacho kikakwama, akakichomoa kwa taabu.

Shangazi Kobe akapika yale ya kwake, akaunga kwa kitunguu na tui la nazi, akampakulia. Ngedere akalitazama bakuli, machozi yakamlengalenga. Akasema, "Mm." Shangazi akadhani ni hofu ya ukweni. Akala yote mwenyewe, wakaondoka.

Basi Mzee Kima alikuwa amepania kumkatalia, maana alisikia kwamba huyo kijana ni mropokaji. Akamkalisha mkekani, akamuuliza kama atamtunza binti yake.

"Mm," akasema Ngedere.

Akamuuliza kama ataheshimu wakwe.

"Mm."

Mzee Kima akamgeukia mkewe, akamnong'oneza kwamba kijana huyu ana adabu, na tena amenawiri mashavu. Kisha akauliza la tatu. "Kama kuna jambo unatuficha, liseme sasa."

Ngedere akazidi kufumba mdomo. Akatikisa kichwa polepole. "Mm-mm."

Mzee Kima akaridhika. Akatoa kikopo cha ugoro, akavuta kidogo, upepo ukapeperusha uliobaki. Ukamwingia Ngedere puani. Akajizuia. Akajizuia tena. Mara ya tatu hakuweza.

Chaaafya!

Maharage yakatoka kama mvua ya mawe. Moja likampiga Mzee Kima kwenye upara, moja likatumbukia kwenye ugoro, mengine yakamwingia mama mkwe kifuani. Shangazi Kobe akaokota moja, akaliminya kwa ukucha, akasema, "Hili ni la gunia langu. Limelowa vizuri."

Ngedere alitamani ardhi immeze. Lakini sasa kinywa kilikuwa wazi, akasimulia yote, kuanzia gunia mpaka kidole. Sikudhani akacheka mpaka akakaa chini. Mzee Kima akasimama ili amfukuze.

"Baba, ngoja," akasema Sikudhani. "Tuna maharage tuliyoloweka jana. Ayapike yeye, hapa hapa, bila kuonja. Akishindwa, aende."

Ngedere akafagia uchafu wake kwanza. Akabandika chungu, akachochea moto. Maharage yakatokota, harufu ikapanda, mkono ukaenda kwenye kifuniko, akaukalia. Mkono wa pili ukaenda, akaukalia pia. Mwisho mkia nao ukaanza kunyemelea chungu, akaukalia wote, akabaki hapo akitetemeka, jua likizunguka uani.

Yalipolainika, Sikudhani akaepua, akampakulia baba yake. Mzee Kima akatafuna. Akatafuna polepole, hakumtazama mtu. Ngedere alikuwa bado amekalia mikono yake.

Mzee Kima akafuta bakuli kwa kidole, akalisukuma mbele ya Ngedere.

"Niongezee, mkwe," akasema.

Ngedere na Sikudhani wakaoana, wakakaa raha mustarehe.

Mafunzo ya hadithi hii ni kwamba kila kitu kina muda wake wa kuiva, na anayeukwepa muda huo kwa hila hujitia aibu mbele za watu.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyesikia ampelekee asiyesikia, na mwenye chungu motoni akaongeze maji.