Bi Namvua na Mnyama Aliyelala Ndani ya Kuvumwani

Hadithi hii ni fupi. Isome ukiwa umetulia, kisha mpelekee yeyote mwenye mgonjwa nyumbani.

Katika milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi, waliishi mzee mmoja na mkewe. Mzee aliitwa Singano. Kwa miaka mingi alikuwa mpimaji wa maabara hospitalini, akitafuta malaria kwenye damu za watu. Alipostaafu, wenzake walimpa hadubini kuukuu, ile mashine ya kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho.

Tangu hapo Mzee Singano hakuwa na nafasi. Alikuwa akibandua kuvumwani, lile zulia la kijani linaloota juu ya mawe yenye unyevu, analiloweka kwenye kisahani cha maji ya mvua, analikamua, kisha anachungulia tone moja mpaka chai inapoa. Alikuwa akimtafuta mnyama mdogo kuliko punje ya chumvi, aitwaye dubu wa maji.

"Mama Hemedi, njoo umwone," alikuwa akiita. "Anatembea kama Hemedi alipoanza kutambaa."

"Nina makande jikoni," alijibu mkewe, Bi Namvua. "Mwambie huyo mke mwenzangu akupikie, maana ndiye unayemkodolea macho siku nzima."

Walicheka. Lakini siku zote kulikuwa na makande, au kuni, au nguo za kuanua. Bi Namvua hakuwahi kuchungulia.

Kisha kiharusi kikamwangusha mzee. Alirudi kutoka hospitali amepooza upande wa kulia, na maneno yote yamempotea. Watu walikuwa wema sana. Mdogo wake, Hoza, ndiye aliyembeba mgongoni kupanda kilima, maana gari halifiki nyumbani kwao. Jirani mmoja alileta uji kila asubuhi bila kuombwa. Wageni walikuja, wakamshika mkono, wakamwita jina lake. Mkono ukalala kwenye viganja vyao kama nguo iliyolowa, nao wakatazamana.

Miezi ikapita. Polepole watu wakaacha kumsalimia. Waliingia, wakamjulia hali Bi Namvua, wakaongea mambo yao kando ya kitanda kana kwamba pale pamelazwa gunia.

Siku moja Hoza akasema kwa upole, "Shemeji, tukubali tu. Kaka anapumua, lakini hayupo. Kesho nitakuja kuichukua ile hadubini niipeleke shuleni, iwafae watoto. Hapa inaliwa na kutu."

Bi Namvua akaendelea kumlisha mgonjwa uji. Vitu vya mtu hugawanywa akishazikwa, na mumewe alikuwa bado ana joto mwilini. Lakini hata yeye mwenyewe, akiwa na kijiko mkononi, alikuwa akijiuliza kama anamlisha mume au anaulisha mwili tu.

Shemeji alipoondoka, akawaza: Kabla haijachukuliwa, nami nichungulie.

Kwenye rafu kulikuwa na kisanduku cha kiberiti ambamo mzee alihifadhi kuvumwani kabla hajaugua. Ilikuwa imekauka, imebadilika rangi, inavunjika kama majani ya chai. Bi Namvua akaitia kwenye kisahani cha maji ya mvua, kama alivyozoea kumwona mumewe akifanya, akaiacha mpaka asubuhi.

Kulipokucha, aliikuta imekuwa ya kijani tena. Akasimama akiitazama kwa muda. Akaikamua, akadondosha tone juu ya kioo.

Siku zote alikuwa akikaa upande wa mlangoni kumhudumia mgonjwa. Lakini hadubini ile ilitaka mwanga wa dirisha, na dirisha lilikuwa upande wa pili wa kitanda. Akahamishia meza na kigoda huko.

Mwanzoni aliona kope zake tu. Akasogeza jicho, na mara duara la mwanga likatokea, pana kama mwezi mpevu.

"Baba Hemedi, nimempata," akasema. "Ni mrefu kama uzi, anajipindapinda."

Kanga yake ikavutwa. Akadhani imenasa kwenye msumari wa kitanda, akaichomoa.

"Au ni huyu? Mdomoni ana kama magurudumu mawili, yanazunguka."

Kanga ikavutwa tena. "Kitanda hiki nacho," akaguna, akaichomoa.

Akasukuma kioo kidogo sana. Hapo akakiona kitu kama punje, kimekunjamana, kimelala kando ya jani. Alitaka kukipita, maana kilikuwa kimekufa. Lakini kikatikisika. Kikajinyoosha kama mtu anayepiga miayo. Mguu mmoja ukachomoza, mfupi na mnene, wenye makucha. Ukafuata wa pili. Miguu minane yote ilipotoka, kile kiumbe kikaanza kutembea, polepole, kinayumba, kinashika jani kisha kinaliachia. Mwili wake ulipitisha mwanga, hata chakula cha kijani tumboni kikaonekana. Vidoa viwili vyeusi vya macho vilikuwa kama vinamtazama.

Bi Namvua hakuondoa jicho. Miezi yote ile, ndani ya kiberiti, bila tone la maji, kilikuwa kimejikunja tu kinangoja. Mungu alikuwa ameweka uhai kwenye mawe yale yale ambayo yeye aliyasugua kwa fagio kila Ijumaa.

"Baba Hemedi," akasema taratibu, "ana miguu minane. Mnene. Anatembea kama Hemedi alipoanza kutambaa."

Kanga ikavutwa kwa nguvu, isiachiwe.

Akatazama chini. Haukuwa msumari. Ulikuwa mkono wa kushoto wa mumewe, umetoka chini ya shuka, umeng'ang'ania pindo la kanga.

Bi Namvua akaushika. "Yule mwembamba kama uzi, ndiye dubu wa maji?"

Vidole vikalegea, mkono ukapunga: hapana.

"Yule wa magurudumu?"

Mkono ukapunga tena.

"Na huyu mnene?"

Vidole vikambana mpaka vikamuuma.

Ndipo alipoelewa. Kwa heshima, kila aliyekuja alimshika mzee mkono wa kulia, kwa kuwa mkono wa kushoto haupewi mtu mzima. Na wa kulia, ulio upande wa mlangoni, ndio uliokuwa umekufa. Ule wa kushoto ulikuwa ukihangaika chini ya shuka siku zote. Naye, kwa huruma, alikuwa akiufunika usione baridi, na usije ukaonekana ukinyooshewa wageni. Mumewe alikuwa akijibu. Yeye ndiye aliyekuwa akimfungia jibu lake ndani ya shuka.

Akalia, na ule mkono ukampapasa kichwani.

Jua lilipopanda, Hoza akaingia na boksi. "Shemeji, iko wapi?"

"Msalimie mwenyewe kwanza."

Hoza akainama ili kumridhisha shemeji yake, akanyoosha mkono wa kulia.

"Sio huko. Zunguka huku umpe wa kushoto."

"Kaka yangu nimpe wa kushoto?"

"Mpe."

Akazunguka, amejawa na haya, akampa. "Shikamoo, kaka."

Mkono wa mzee ukamshika, ukakaza, haukumwachia. Ukamvuta taratibu kuelekea kwenye hadubini mpaka akainamisha jicho. Hoza alikaa hivyo kwa muda mrefu, machozi yakidondoka juu ya meza.

"Anatembea, kaka," akasema. "Kweli anatembea."

Boksi alilisahau mlangoni. Jirani alipoleta uji, alilikuta limelaliwa na paka.

Funzo: Usiharakishe kusema kwamba mtu hajibu, angalia kwanza kama umeushika mkono anaoweza kukujibia.