Mlangoni pa Pango Yuko Nani?

Wapendwa, wale wa nyuma muache kunong'ona. Ya kunong'ona nimeyaleta mwenyewe.

Palikuwa na mzee mmoja mgane. Zamani alitembeza wageni katika pango la kilimani, lenye mawe yanayoning'inia kama chuchu za mbuzi. Ngazi zilipooza likafungwa, likabaki na popo wake miaka kumi na tisa. Mkewe alipofariki, mzee akaona nyumba imekuwa kubwa mno. Akaomba pango lifunguliwe. Akaambiwa, "Litengeneze, tutakuja kulikagua."

Basi kila asubuhi akaingia peke yake na ndoo na mswaki. Ndiyo, mswaki! Akasugua masizi, akasugua na majina ya wapenzi waliojiandika kwa makaa. Wengine, mnajua, hata hawakuoana. Mchana akila kiporo chake gizani, maji yanadondoka, to, kimya, to. Mara nyingine alisema kwa nguvu, "Karibuni wageni!" ili tu asikie mtu. Mwangwi ukamkaribisha yeye.

Jirani yake akapanda na ndoo. "Shemeji, nikusaidie?"

"Wewe? Ukiingia humu, kesho mji mzima utajua hata idadi ya popo."

"Aa, popo nitawasitiri. Nitasema habari zako tu."

"Rudi kwako, mama!"

Akarudi. Na wengine waliposikia, nani angepanda kilima chote kile akafukuzwe?

Mkaguzi akaja, akamulika tochi, akapapasa ukuta. "Mzee, hata madhabahu haisuguliwi hivi! Sasa, mlangoni anakaa nani?"

"Mlangoni?"

"Kanuni unaijua kuliko mimi. Haingii mtu pangoni ila abaki mwingine nje, anayejua nani yumo."

"Alikuwa mke wangu."

"Na sasa? Miezi yote hii ungeteleza humo, nani angejua?"

Mzee akainua vidole ahesabu majina, hata kimoja hakikukunjwa. Mkaguzi akarudisha kufuli langoni, akashuka.

Na sisi je? Tunafunga, tunatoa sadaka, tunasali mpaka magoti yanaota sugu. Mioyo inang'aa! Lakini huyu tumemfukuza ni mbea, yule ana makelele, yule hajui kuvaa. Leo ukifunga mlango wako, kesho usipoufungua, nani atakuja kubisha? Mtaje, kimoyomoyo. Humpati? Basi usikimbilie kupiga magoti. Nenda kwa yule uliyemfukuza, ukapige hodi wewe.